Ng'ombe Mmoja kwa Nyumba Kumi na Tisa

Kambi ya barabara, Mpanda
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mama Lydia,

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitatu tangu niondoke hapo Olmotonyi na begi moja na blanketi la marehemu mama. Nilisema nitakaa miezi sita. Barabara haikunisikia.

Mimi mzima. Mwandiko usikushangaze, naandikia juu ya pipa la mafuta na pipa limebonyea. Simu ilidondoka kwenye mtambo wa kusaga kokoto mwezi wa sita, ikatokea upande wa pili ikiwa kokoto. Hata ingekuwepo isingesaidia sana, mtandao wa huku unaupata ukifika mjini. Barua zangu nampa Richard, dereva wa lori la saruji, naye anazipandisha kwenye basi la Arusha. Ukijibu, peleka stendi, juu ya bahasha andika jina la Richard.

Chakula cha hapa ni ugali na maharage. Siku inayofuata ni maharage na ugali. Nyama tuliiona Pasaka.

Sasa jambo langu. Mmenijulisha kwamba Lydia anapata kipaimara Jumapili ya tarehe 1 Desemba. Sitaweza kuwepo, hawatoi ruhusa kabla mvua haijasimamisha kazi. Kwa hiyo sikiliza. Yule maksai wangu Sambu achinjwe siku hiyo, na achinjwe langoni, siyo nyuma ya nyumba. Lemomo asimamie. Kifua ni cha Lemomo, kwa kuwa Sambu alitoka kwake akiwa ndama, na ndiyo sababu mimi namwita Pakiteng na yeye ananiita Pakiteng, kama wanavyoitana watu wetu waliopeana ng'ombe. Nundu apelekewe mchungaji. Mbavu za kulia ni za rika langu. Ninyi akina mama mnajua sehemu zenu. Ngozi itunzwe mpaka nije.

Unajua kwa nini nasisitiza. Sadoki, fundi wa kuchomelea tunayelala naye chumba kimoja, kwao Sekei, alitumwa Arusha kuchukua vipuri mwezi wa saba akapita kilabuni huko kwetu. Alimsikia jirani yetu Sifael akisema, "Lesian alikwenda kuvunja mawe, mawe yamemvunja yeye." Watu wakacheka. Mimi siwezi kuja kusimama mbele yao. Sambu atasimama.

Mumeo,
Lesian


Olmotonyi
25 Agosti 2024

Baba Lydia,

Barua imefika na tope la lori. Tumefurahi kwamba u mzima. Lydia anasoma mafundisho ya kipaimara kila Jumamosi, mwinjilisti anasema anashika vizuri.

Habari kubwa ya hapa bado ni maji. Nilikueleza kwenye simu kabla haijafa kwamba masika yaliyopita tope lilishuka kwenye korongo likafukia chanzo. Vijana walikichimbua, maji yakatoka wiki mbili, mvua nyingine ikaja, kikafukiwa tena. Nilipanda mwenyewe kwenda kuangalia. Baba Lydia, kule juu hakuna kitu. Zile kingo ambako ulipokuwa unachumbia ulinikuta nakata majani yaliyonifika kifuani, sasa ni udongo mtupu na mizizi imening'inia. Tumekata sisi wenyewe. Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane kila nyumba inafunga ng'ombe wa kunenepesha kwa ajili ya kipaimara, harusi na Krismasi, na sisi wanawake wote tunapanda korongo lilelile na mundu. Majani yakiisha tunakata matawi. Matawi yakiisha tunang'oa.

Bwana mmoja alikuja kutoka mjini kutufundisha. Alisema ng'ombe wanachafua hewa ya dunia kwa kubeua, na watu wakila nyama kidogo hewa itapumua. Tulicheka sana. Lakini tulipomaliza kucheka tulirudi kuchota maji kule bondeni, na safari moja ya kule bondeni unaijua.

Wanawake tumekaa kikao. Mengine nitakueleza.

Sambu hajambo.

Mama Lydia


Mpanda
15 Septemba 2024

Mama Lydia,

Korongo umelipa ukurasa mzima. Ng'ombe wangu umempa maneno mawili, "Sambu hajambo." Mimi niliishia darasa la tano lakini hilo naweza kulisoma.

Kikao gani? Mmekubaliana nini? Sadoki amepata barua ya dada yake, inasema wanawake wa kwetu wamekataza nyama. Kambi nzima wananicheka, wananiita Mchungaji wa Mchicha. Mimi najibu kwamba sisi hapa dunia tumeshaiokoa zamani, bila kikao, na hakuna aliyekuja kutushukuru.

Niambie ukweli. Umemuuza?

Kwa kuwa umetaja maji: maharage loweka tangu jioni, yale maji yamwage, ukiyabandika yataiva kwa nusu ya kuni. Chumvi weka mwishoni. Usiweke mapema, yatakuwa magumu kama kifusi.

Wiki iliyopita wakubwa wa kampuni walikuja kukagua daraja, wakanunua ng'ombe mmoja. Tulikula watu themanini na kitu, na mifupa ikapikwa na maharage siku ya pili. Sikuwa najua kwamba ng'ombe mmoja ni mkubwa hivyo.

Lesian


Mpanda
15 Septemba 2024

Pakiteng Lemomo,

Nakuandikia siku hiyohiyo niliyomwandikia mke wangu, lakini barua hii yeye asiione. Nenda nyumbani kwangu, jifanye umekwenda kuazima jembe. Mtazame Sambu kwa macho yako. Hesabu miguu. Nithibitishie kama yule unayemwona ni yule uliyenipa, mwenye madoa meusi na sikio la kushoto lililochanika. Halafu niambie wanawake wamefanya nini. Mke wangu anazungumza nami kama mtu anayetembea kwenye utelezi.

Lesian


Olmotonyi
6 Oktoba 2024

Pakiteng,

Nimekwenda. Sikuazima jembe, mkeo anajua nina matatu. Nimesema nimekuja kumsalimia ng'ombe. Miguu minne, mkia mmoja, sikio limechanika kama kawaida. Amenona mpaka anatembea kama diwani. Hajauzwa.

Sasa sikia, na keti kwanza.

Baada ya lile tope la pili wanawake wa kitongoji walikutana kanisani ibada ilipokwisha, wakatufungia sisi nje. Walipotoka walisema hivi: kuanzia mwaka huu kipaimara hakuna nyumba inayochinja peke yake. Watoto wanatoka nyumba kumi na tisa, achinjwe ng'ombe mmoja kwa nyumba zote, chakula kipikwe uwanja wa kanisa, kilichobaki ni makande, loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na ndizi. Msibani hakuna kuchinja. Harusi mnyama mmoja. Ng'ombe wa maziwa waendelee. Wale wa kunenepesha kwa ajili ya sherehe, wauzwe, korongo lipumzike.

Tuliruka juu. Sifael alisema, "Nani amewapa ruhusa ya kupanga nyama? Nyama imegawanywa na baba zetu!" Mimi nami nilisema maneno, sitayaandika hapa.

Wao hawakubishana. Walisema, "Nyama hatujawakataza. Anayetaka ng'ombe wa sherehe amkatie majani mwenyewe." Wakatundika mundu na kamba kwenye mti wa kengele, pale pale, kila mmoja wake.

Pakiteng, tulikata majani kwa wiki nzima. Sijui kama umewahi. Mimi nilijikata ugoko siku ya kwanza. Loserian, na uzee wake, alibeba mzigo mgongoni akakaa nao chini njiani, akashindwa kusimama, wajukuu wakamfungua kama punda. Sifael alileta majani ambayo ng'ombe waliyanusa wakageuza vichwa. Na kule juu kwenyewe ndipo nilipoona. Tulikuwa wanaume kumi tunagombea ukingo mmoja wenye majani ya kutosha mbuzi. Jumamosi watu wakaanza kupeleka ng'ombe mnadani mmoja mmoja.

Umebaki wewe, na Sifael. Yeye ana pesa ya kununua mabua kutoka bondeni.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Aliyesimama kwanza ndani ya kile kikao ni mkeo. Wazo ni lake. Ndiyo maana anakuandikia kwa mwendo wa utelezi.

Na sehemu nyingine, ambayo sijui utaifanyia nini. Wanawake wote wameacha kukata majani ya ng'ombe wa sherehe. Anayeendelea ni mmoja tu, huyo huyo Anna wako. Anakwenda mbali, upande wa pili wa msitu wa miti ya kupandwa, asiliguse korongo. Nilimuuliza, "Shemeji, wewe ndiye uliyetundika mundu wa kwanza, mbona umeushusha?" Akanijibu, "Ng'ombe siyo wangu."

Lemomo


Mpanda
20 Oktoba 2024

Mama Lydia,

Kumbe ni wewe.

Nimeisoma barua ya Lemomo mara nyingi. Usimkasirikie, nilimtuma mimi.

Mambo ya korongo siyapingi. Sijaliona lakini nawaamini. Uzeni ng'ombe wote wa kitongoji, kuleni ndizi mpaka Yesu arudi. Mimi nilikuwa na neno moja tu, kwamba siku ya mtoto wangu ng'ombe wangu achinjwe langoni kwangu. Wengine baba zao wapo. Wataonekana wamevaa koti, wamekaa kiti cha mbele. Lydia baba yake ataonekana kwa kitu gani? Kwa loshoro?

Unajua ninavyoishi hapa? Naamka kabla ya wengine, nalala baada yao. Nikifumba macho naona kitu kimoja, watu wamesimama langoni kwetu wanakula, na mtu mmoja anauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" na mwingine anajibu, "Yuko kazini." Basi. Hicho kitu umekiweka kwenye kikao mkakipigia kura.

Na Sifael anangoja tu aseme.

Sambu achinjwe nyumbani. Sina neno jingine.

Lesian


Olmotonyi
3 Novemba 2024

Baba Lydia,

Nitajibu moja moja, kwa sababu umenikasirikia na haki ya kukasirika unayo. Nilipaswa kukuambia tangu mwezi wa nane. Niliogopa kwamba ungesema achinjwe, nami ningeshindwa kukataa, na wenzangu wangenitazama. Nimekaa katikati miezi mitatu.

Kwenye kikao sikumtaja Sambu. Wewe uliposema achinjwe, niliendelea kumlisha ili achinjwe. Lakini nikueleze kitu ambacho hukijui kwa kuwa hujawahi kukibeba. Ng'ombe wa kunenepesha anakula mzigo asubuhi na mzigo jioni. Kule ninakokata sasa ni mwendo wa kupanda na kushuka. Tangu uondoke nimembeba ng'ombe wako mgongoni kipande kwa kipande, na sijafika bado. Mgongo wenyewe ukiamka asubuhi unalia kama mlango. Na siku ya sherehe nitapata matumbo, kama kawaida yetu, niyaoshe kwa maji niliyoyatoa bondeni.

Mwaka jana kipaimara cha watoto waliomtangulia Lydia, unajua nyumba ngapi zilichinja? Zote. Watu walikula nyumba ya kwanza na ya pili. Nyumba ya tatu walionja. Kufika kwetu huku mwisho walikuwa wanakaa, wanashika sahani, wanasema "Mungu awabariki," wanaiweka chini. Jumatatu mbwa walikuwa wamelala njiani hawawezi kubweka.

Sasa habari mpya. Ng'ombe mmoja wa kitongoji lazima atoke kwa mtu. Sifael amejitolea. Amesema atatoa dume lake, na kwamba siku hiyo atasema maneno machache. Kamati ya sherehe inaamua tarehe 23. Wanawake wengi hawataki, lakini hakuna mwingine mwenye ng'ombe ila sisi. Nami sikufungua mdomo.

Nina maswali mawili. La kwanza, tangu lini unajua kuloweka maharage? Wewe hukuwahi kushika mwiko katika nyumba hii. La pili, Lydia anasema herufi zako zimelala upande mwingine tangu mwezi wa nane, na kwamba pipa lililobonyea haliwezi kufanya hivyo.

Mama Lydia


Mpanda
14 Novemba 2024

Mama Lydia,

Richard amekubali kupitisha barua hii moja kwa moja mpaka Babati, ifike kabla ya tarehe 23.

Simu haikudondoka yenyewe kwenye mtambo. Nilikuwa nimeishika. Mkanda ulivuta mkono wa kulia, wenzangu wakazima, vidole viwili vilikwenda na simu, kidogo na cha pete. Hospitali ya mjini walinishona vizuri. Mawe siwezi tena kushika kwa nguvu, kwa hiyo nyapara alinipeleka jikoni. Tangu mwezi wa saba mimi ni mpishi wa pili. Napika maharage ya watu themanini. Barua nakuandikia kwa mkono wa kushoto.

Sikukuambia kwa sababu ya yale maneno ya kilabuni. Niliona Sifael amesema kweli bila kujua.

Yule ng'ombe wa wakubwa nilimpika mimi. Mpishi mkuu alikuwa na homa. Nilikata vipande vidogo, nikatia kwenye masufuria matano pamoja na viazi, na kila mtu alipata, mpaka walinzi wa usiku, mpaka mama anayeuza maji. Niliogopa watalalamika. Walikuja kunishika mkono, huu mbovu. Nikakumbuka harusi ya kaka yangu, tulivyochinja wanne na watu wakagombana kuhusu mbavu. Hili nimekaa nalo tangu Septemba, sikutaka kukupa kwa sababu lingekusaidia wewe.

Sasa kuhusu Sifael kusema maneno machache. Hapana.

Mpeleke Sambu. Awe yeye ng'ombe wa nyumba kumi na tisa. Sigawi kifua wala nundu, kateni vipande vidogo, vichanganyike, mchungaji ale kama Loserian na Loserian ale kama wewe. Matumbo waoshe wanaume.

Ila nina sharti moja, na mwambie Lemomo alisimamie, yeye anajua mila kuliko mimi. Sambu asifike pale akiwa nyama. Atolewe akiwa hai, akabidhiwe kwa kamba mkononi mwa kila nyumba, ndipo achinjwe. Unajua mtu akipokea ng'ombe hai kutoka kwa mwenzake wanaitana nani.

Lesian


Olmotonyi
3 Desemba 2024

Pakiteng,

Umenipa kazi kubwa na sijalipwa kifua.

Kamati ilipopata barua yako Sifael alisema amekwisha andaa maneno. Akina mama wakamwambia ayatunze mpaka mwakani. Dume lake amelipeleka mnadani.

Jumapili baada ya ibada mkeo alimtoa Sambu langoni kwako, akamleta mpaka uwanjani. Watoto wote walikuwa wamevaa nyeupe, Lydia katikati. Nilisoma barua yako mbele ya watu, sehemu ya ng'ombe tu, vidole niliviruka. Nikasema, "Baba wa kila nyumba aje ashike kamba." Wakaja kwenye mstari. Loserian wa kwanza, akashika, akasema "Pakiteng" kuelekea Mpanda, au kuelekea mahali anapodhani Mpanda iko. Wa pili vivyo hivyo. Nyumba zisizo na baba walikuja akina mama. Mjane Irine alishika kamba akasema kwa sauti kuliko wanaume.

Sifael alikuwa nyuma anajifanya anazungumza na mtu. Mjukuu wake ni mmoja wa watoto, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Alipofika alisema, "Mila hii ni ya mtu na mtu. Siyo ya kitongoji." Nikamjibu, "Sawa mzee, basi usishike, na nyumba yako itakula ndizi." Watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajaamua. Akashika. Nikamwambia bado neno. Akalisema kama mtu aliyemeza kiazi cha moto.

"Hatujasikia!" wakasema akina mama.

"Pakiteng!" akasema.

Kwa hiyo kuanzia Jumapili una Pakiteng kumi na tisa ukinihesabu nami wa zamani, maana nyumba yako mwenyewe haikushika kamba. Jana nilipita na Sifael barabarani, akaniuliza, "Huyu Pakiteng wetu anarudi lini?" Nilitazama kama anatania. Sikuona utani.

Sitakuficha mengine. Kipande kilikuwa kama viberiti viwili, na wazee wawili walisema hii siyo sherehe ni mgonjwa anapewa dawa. Nyumba moja ya juu walichinja mbuzi kwa siri nyuma ya migomba, harufu ikawasema. Tulipoosha matumbo, mimi na wenzangu, tuliwachafulia akina mama ndoo zote, wakatufukuza. Lakini makande yalikwisha, loshoro ilikwisha, na mbwa Jumatatu walibweka.

Korongo nimepanda kuliangalia. Majani yamerudi kufika kwenye kifundo cha mguu. Maji bado. Sijui kama yatarudi, na sitaki kukudanganya.

Mkeo aliposoma habari ya vidole alikunja barua, akachukua mundu, akaenda. Alirudi jioni bila majani.

Lemomo

Baba Lydia, Lemomo ameniachia nafasi hapa chini. Mwandiko wako wa kushoto unasomeka kuliko ule wa kulia. Ngozi ya Sambu imekauka, ipo. Zizi liko tupu na mimi naamka asubuhi sijui mikono niiweke wapi. Njoo. — Anna


Mpanda
22 Desemba 2024

Mama Lydia,

Mvua imeanza. Magreda yamesimama, daraja limefunikwa turubai, na nyapara ametangaza kambi inafungwa baada ya mwaka mpya. Mpishi mkuu alitaka nibaki kulisha walinzi. Nimekataa.

Krismasi wanatuletea mbuzi wawili. Nimeshaloweka maharage ya kuwasaidia.

Nimemsimulia Sadoki habari ya Sifael na kiazi cha moto. Amecheka, halafu akaniuliza kwani mimi nimeshinda nini, ng'ombe sina, vidole sina, na korongo bado kavu. Nilifikiri sana nikiwa nakoroga sufuria. Nilimwambia kwamba nikirudi nitapita kwenye njia ya kutoka barabara kuu mpaka kwangu, na kila mlango utaniita jina ambalo halikuwepo nilipoondoka. Akasema hilo haliliwi. Nikasema ndiyo, haliliwi.

Siku nitakayofika msichinje kitu, hata kuku. Nipikie loshoro, na usiwaite watu, watakuja wenyewe. Mkono wangu utauona pale langoni, uutazame mara moja yaishe.

Ng'ombe wa maziwa bado anahitaji majani. Ule mundu wako umenolewa kwa mtu wa mkono wa kulia. Mpelekee mhunzi aunoe upande wa pili, na kamba irefushe, bega langu ni pana kuliko lako.

Napanda basi la Ijumaa. Nitakuwa nyumbani Jumamosi, tarehe 11 Januari, kabla ya saa za kukata majani ya jioni.

Lesian